Kujifunza mvinyo kwa vyanzo vya kuaminika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na watu wa kila namna: anayejiandaa kwa kazi ya hoteli, aliyepewa chupa ya zawadi, na yule aliyependa tu glasi moja akataka kujua ilitoka wapi. Karibu wote wanakutana na kikwazo kimoja. Habari za mvinyo ni nyingi mno, na sehemu kubwa imeandikwa na mtu mwenye chupa ya kuuza. Pale ninapoona watu wanapotea nimejibu kwa kirefu. Penginepo nimejibu kwa kifupi. Ninaposema mvinyo nina maana ya divai, ile ya zabibu.

Sijui chochote. Nianzie wapi?

Anza na kitabu kimoja, daftari moja na glasi mbili. Mtandao uje baadaye. Ukitafuta mtandaoni unapata jibu la swali ulilouliza, na anayeanza bado hajajua aulize nini. Kitabu kizuri cha utangulizi kimekwisha kukupangia njia: mzabibu unavyoota, juisi inavyochachuka, zabibu kuu ni zipi, na kwa nini zabibu ileile ikipandwa penye baridi hutoa mvinyo tofauti kabisa na wa penye joto. Ukishakuwa na mifupa hiyo, kila utakachosoma baadaye kitapata mahali pa kukaa.

Glasi ziwe mbili kwa sababu ulimi hujifunza kwa kulinganisha. Chukua mvinyo mweupe wa aina mbili: mimina wa zabibu ya Sauvignon Blanc katika glasi moja, na katika nyingine wa zabibu ya Chardonnay uliokaa kwenye pipa la mwaloni. Onja huku, onja huku. Ndani ya dakika chache utajua maana ya asidi bila kufundishwa na mtu: ule unaokujaza mate mdomoni ndio wenye asidi zaidi. Kisha andika kwa maneno yako mwenyewe, kabla hujasoma wengine wamesema nini kuhusu chupa hiyo. Ukishasoma kwamba ina harufu ya pichi, utainusa pichi hata kama haipo.

Nitajuaje kama chanzo fulani kinaaminika?

Ninachotazama kwanza, na kwangu kina uzito kuliko mengine yote, ni kama mwandishi anaeleza amejuaje anachokisema. Alionja mwenyewe? Alionja bila kuona lebo? Kama anategemea utafiti, ameutaja kwa namna unayoweza kuufuata? Mtu anayetoa hukumu tupu, hata akiwa bingwa, hakuachii nafasi ya kumkagua.

Halafu nani anamlipa. Safari za kutembelea mashamba ya mizabibu, chupa za bure na ada za matangazo ni mambo ya kawaida katika fani hii. Mwandishi mwaminifu huyataja mapema, wazi, na wewe unasoma ukijua. Halafu tarehe: makala isiyo na tarehe siitumii kwa jambo lolote la sheria, bei au mipaka ya maeneo.

Somo hili nililipata mezani. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma mahali kwamba yale machozi yanayoteremka kwenye kuta za glasi ukiizungusha ni dalili ya ubora. Yakiwa mazito, mvinyo ni wa daraja la juu. Nikalikariri, nikalisema mbele ya mzee mmoja aliyefanya kazi ya mvinyo tangu ujana wake. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta glasi yangu, akaizungusha, akaifunika mdomo kwa kiganja.

«Tazama sasa, mwanangu.»

Machozi yalipungua, kisha yakakoma. Akaondoa kiganja, yakaanza tena.

«Ni kileo kinachoruka hewani. Ukikizuia kisiruke, hakuna machozi. Ubora hauhusiki hapo.»

James Thomson alikuwa amelieleza jambo hilo tangu mwaka 1855. Alkoholi huvukiza haraka kuliko maji, kwa hiyo utando mwembamba unaobaki kwenye ukuta wa glasi huwa na maji zaidi na uso wake hukaza. Mkazo huo huvuta kioevu juu, mpaka uzito wake unakirudisha chini kwa matone. Kwa hiyo machozi yanakudokezea kiasi cha kileo, basi. Kilichoniuma ni kwamba jaribio lenyewe lilikuwa mkononi mwangu muda wote, na ukurasa ule haukuniambia nijaribu.

Kuna njia ya haraka ya kupima kitabu au tovuti kabla ya kuitumia?

Ipo. Tafuta inasema nini kuhusu mambo machache ambayo majibu yake yanajulikana.

Angalia Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia. Zamani lilikuwa jina la zabibu. Tangu mwaka 2009 zabibu hiyo inaitwa Glera, na Prosecco ni jina la eneo linalolindwa kisheria. Chanzo kinachosema leo kwamba Prosecco ni zabibu kimepitwa na wakati, au kimenakili kilichopitwa. Angalia pia Chile: mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alitambua kwamba mizabibu mingi iliyokuwa ikiitwa Merlot huko ilikuwa Carmenère. Maelezo ya kale kuhusu ladha ya «Merlot ya Chile» yasome ukikumbuka hilo.

Ukikuta ile ramani ya ulimi, utamu mbele, uchungu nyuma, ukali wa asidi pembeni, funga ukurasa. Ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Ladha zote husikika kila upande wa ulimi wenye vionjio. Na ukiambiwa kwamba mvinyo mwekundu unaumiza kichwa kwa sababu ya salfaiti, yaani kemikali za kuhifadhi mvinyo usiharibike, uliza mbona mweupe huruhusiwa kuwa nazo zaidi. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha mvinyo mkavu mwekundu ni miligramu 150 kwa lita, mweupe 200. Wapo wachache ambao salfaiti huwadhuru kweli, hasa wenye pumu, na ndiyo maana lebo hutakiwa kuzitaja. Lakini maelezo yale ya kichwa hayasimami.

Vitabu vipi vinafaa kununuliwa au kuazimwa?

Vipo vitatu ambavyo watu wa fani hii huvirudia.

*The World Atlas of Wine* kilianzishwa na Hugh Johnson mwaka 1971, na toleo la nane, aliloandika pamoja na Jancis Robinson, lilitoka 2019. Nguvu yake ni ramani. Mvinyo ni jambo la mahali: mteremko unaelekea wapi, mto uko upande gani, ukungu unaingilia wapi asubuhi. Ukishaona kwenye ramani jinsi mashamba bora ya Burgundy, eneo la mvinyo la Ufaransa, yalivyo ukanda mwembamba katikati ya mteremko, maelezo ya kurasa kumi yanakuwa mepesi.

*The Oxford Companion to Wine* ni kamusi kubwa iliyopangwa kwa alfabeti. Toleo la kwanza lilitoka 1994 na la tano 2023. Hiki usikisome kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiweke karibu, na kila neno usilolielewa litafute humo. Waandishi wake ni wengi, kila mmoja na eneo lake, na makala zimewekwa alama za waliozitunga, hivyo unajua nani anasema.

Cha tatu ni *Wine Grapes* cha Robinson, Julia Harding na José Vouillamoz, cha mwaka 2012. Kinaeleza aina 1,368 za zabibu pamoja na nasaba zake kwa ushahidi wa vinasaba. Ni kizito, ni ghali, na anayeanza hakihitaji. Kiazime maktaba siku utakapokuwa na swali lake.

Kitu kimoja kuhusu matoleo: toleo la zamani la atlasi bado ni mwalimu mzuri wa jiografia, udongo na historia. Litakupotosha kwenye majina ya wazalishaji, sheria na mipaka. Kama uwezo ni mdogo, chukua la zamani bila kuona haya, ila mambo ya sheria yathibitishe kwingine.

Nikisikia dai fulani, nalithibitisha vipi?

Nikuonyeshe kwa dai moja. Umesikia kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Linasikika kama hadithi iliyotungwa kutokana na majina. Kweli au uongo?

Hatua ya kwanza ni hifadhi ya data ya mizabibu inayoitwa VIVC, inayotunzwa na taasisi ya utafiti ya Julius Kühn huko Geilweilerhof, Ujerumani. Ni bure. Andika jina la zabibu, nenda kwenye sehemu ya wazazi: utawakuta wote wawili, na alama inayoonyesha kwamba nasaba hiyo imethibitishwa kwa vinasaba. Hapo tayari una jibu. Ukitaka kufika kwenye chimbuko, fuata marejeo, nayo yatakupeleka mwaka 1997, kwenye jarida la *Nature Genetics*, ambako John Bowers na Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vinasaba vya mizabibu na kukuta kwamba hiyo ndiyo jozi ya wazazi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabahatisha. Wengine walidai zabibu hiyo inatokana na mizabibu ya Warumi.

Kazi yote hiyo ni ya robo saa. Angalia tofauti ya mwanzo na mwisho: ulianza na «nimesikia», umemaliza na majina, mwaka, jarida na njia waliyotumia. Madai mengi ya mvinyo hayafiki hata hatua ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi.

Na mambo ya lebo, sheria na maeneo?

Nenda kwa anayetunga sheria au anayeisajili. Kwa Ufaransa ni INAO, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1935, inayochapisha masharti ya kila eneo: zabibu zinazoruhusiwa, kiasi cha mavuno kwa hekta, muda wa kukaa pipani. Kwa majina yote yanayolindwa ndani ya Umoja wa Ulaya kuna rejesta ya eAmbrosia. Kwa Marekani ni idara ya serikali inayoitwa TTB, yenye orodha na ramani ya maeneo yaliyotambuliwa. Takwimu za dunia, yaani eneo lililopandwa, kiasi kinachozalishwa na kinachonywewa, hutolewa na OIV, shirika la kimataifa la mzabibu na mvinyo lililoanzishwa mwaka 1924 na lenye makao Dijon. Chuo Kikuu cha Adelaide nacho kinatoa bure kitabu cha takwimu cha Kym Anderson kinachoonyesha zabibu gani inalimwa wapi na kwa kiasi gani.

Nyaraka hizi si za kustarehesha. Lugha yake ni ya kiserikali. Lakini ndimo unamogundua mambo ambayo wauzaji hawayataji. Mfano, chupa iliyoandikwa jina la zabibu moja si lazima iwe na zabibu hiyo tupu. Kanuni ya jumla ya Marekani inataka angalau asilimia 75, na Umoja wa Ulaya 85. Tena, mvinyo uliotengenezwa Ulaya baada ya tarehe 8 Desemba 2023 unatakiwa kutaja viambato na virutubishi, na mara nyingi utavipata kwa kuelekeza simu kwenye msimbo wa QR ulio nyuma ya chupa. Ni chanzo kizuri mno ambacho watu wanakipita bila kukitazama.

Alama za mvinyo, zile 90 na kitu kwa 100, niziamini?

Zichukue kama maoni ya mtu mmoja, siku moja, kwa chupa moja.

Mfumo wa alama 100 ulienezwa na Robert Parker kupitia jarida lake *The Wine Advocate*, lililoanza 1978. Wakati wake ulisaidia, maana Parker alijenga jina kwa kujitenga na wauzaji. Shida ni kwamba tarakimu huonekana kama kipimo cha mizani, ilhali hakuna mizani. Robert Hodgson, aliyekuwa na shamba lake la mvinyo California, alilipima jambo hili. Katika mashindano ya maonyesho ya jimbo, majaji walipewa mvinyo uleule mara tatu ndani ya msururu mmoja, kutoka chupa moja, bila kujua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: ni takribani asilimia 10 tu ya majaji walioweza kuurudishia mvinyo uleule nishani ya daraja moja. Na hao ni watu wazoefu.

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio jingine. Wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Sisemi haya kuwadharau waonjaji. Nimekwisha kudanganywa na macho yangu mara nyingi mno. Ninachotaka ni usome maneno ya mhakiki kuliko tarakimu yake. Akisema una asidi kali, tanini laini (tanini ndiyo inayokausha mdomo), na harufu ya majani mabichi, hayo unaweza kuyakagua. Ukishamsoma mhakiki mmoja kwa muda utaijua ladha anayoipenda, na utajua anapopenda kitu kama nawe utakipenda au utakichukia. Hapo amekuwa na faida kwako.

Programu za simu za kupiga picha lebo je?

Vivino, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010, ndiyo wengi wanayoijua. Ni nzuri kwa kutambua chupa, kukumbuka ulichokunywa na kupata wazo la bei. Wastani wa nyota zake utumie kwa tahadhari: waliotoa nyota wameiona lebo na wanajua walilipa kiasi gani, na programu yenyewe inauza mvinyo. CellarTracker ya Eric LeVine hutumiwa zaidi na wanaohifadhi chupa miaka mingi. Faida yake ni maelezo ya watu waliofungua mvinyo uleule katika miaka tofauti, hivyo unaona unavyokomaa. Kwa swali la kama chupa fulani inywewe sasa au isubiri, sijaona kitu cha kawaida kinachoishinda.

Nichukue kozi ipi? Vyeti vyote ni sawa?

Havilingani, na hapa ndipo watu wanapoteza fedha.

Wapo watoa vyeti watatu wanaojulikana dunia nzima. WSET, iliyoanzishwa London mwaka 1969, ina ngazi nne, kutoka ya utangulizi hadi diploma, na inafaa karibu kila mtu, awe wa biashara au wa mapenzi tu. Court of Master Sommeliers ni kwa watu wa huduma ya mezani. Mtihani wao wa juu unajumuisha kutambua mvinyo sita kwa dakika 25 bila kuona lebo, pamoja na kuhudumia meza mbele ya watahini. Institute of Masters of Wine, iliyoundwa 1955, ndiyo kilele cha usomi: insha, vipindi vitatu vya kuonja mvinyo 12 kila kimoja, na utafiti wako mwenyewe. Huko hauanzii, huko unafika baada ya miaka.

Mimi niliwahi kulipia kozi ya mtandaoni yenye cheti kizuri cha kung'aa. Mwalimu alikuwa mchangamfu, video zilikuwa safi. Nilipokipeleka cheti kwa mtu wa kazi aliniuliza swali moja: «Mtihani ulisimamiwa na nani?» Hapakuwa na mtihani. Palikuwa na maswali kumi ambayo ungeyarudia mpaka uyapate, na aliyetoa cheti ndiye huyohuyo aliyeuza kozi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile kozi ilikuwa imejitembeza kwangu kila nilipofungua simu.

Kabla hujalipa, uliza nani anasahihisha mtihani. Kama mwalimu anasema anafundisha WSET, tafuta jina la chuo chake kwenye orodha ya watoa mafunzo walioidhinishwa katika tovuti ya WSET yenyewe. Mtu akijiita Master of Wine, jina lake liko kwenye orodha ya wanachama iliyo wazi kwa umma. Na uliza kama utaonja mvinyo darasani, mingapi. Kozi ya kuonja isiyo na kuonja ni kama kujifunza kuogelea nchi kavu.

Kama unataka elimu bila cheti, vyuo vikuu vimeweka masomo mtandaoni. Adelaide imewahi kufundisha huko safari ya mvinyo kutoka shambani hadi glasi, na Davis mbinu za kuonja. Taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia, AWRI, iliyopo tangu 1955, ina karatasi za maelezo za bure kuhusu kasoro za mvinyo, uchachushaji na mengineyo.

Video, podikasti na watu maarufu wa mitandaoni?

Podikasti ambazo mwenyeji anamhoji mtengenezaji mvinyo kwa saa nzima ni hazina, kwa sababu mtu akizungumza muda mrefu huwezi kumkosa akisema ukweli wa kazi yake: mvua iliyoharibu mavuno, pipa lililoharibika. Video za sekunde thelathini sizikatai, ila mimi huzitumia kupata maswali. Majibu nayatafuta kwingine.

Mtengenezaji au muuzaji ni chanzo cha kuaminika?

Kwa namba, ndiyo. Wazalishaji wengi huweka kwenye tovuti karatasi ya kiufundi ya kila mvinyo: asilimia ya kileo, asidi jumla, pH, sukari iliyobaki, zabibu gani kwa kiasi gani, tarehe ya mavuno. Jizoeze kuisoma. pH ya mvinyo kwa kawaida iko kati ya 3 na 4, na kadiri inavyoshuka ndivyo ukali unavyopanda. Sukari chini ya gramu 4 kwa lita, huo ni mkavu. Onja huku karatasi iko mbele yako, na baada ya chupa kumi utaanza kukisia tarakimu kabla ya kuzitazama.

Kwa sifa, hapana. «Umetengenezwa kwa upendo», «unaakisi roho ya ardhi»: hayo ni matangazo. Ila muuzaji anayeonja anachouza, anayekuuliza ulipenda nini mara iliyopita na kukumbuka jibu lako, huyo mshike.

Naweza kujifunza bila kunywa sana, au bila kunywa kabisa?

Unaweza, na wataalamu ndivyo wanavyofanya. Katika kuonja kwa kazi watu hutema. Anayeonja mvinyo 40 kwa asubuhi moja na kumeza hatafika wa ishirini akiwa na akili yake.

Kuna mazoezi ambayo hayana kileo hata tone. La tanini ndilo ninalolipenda. Chemsha maji, weka majani ya chai nyeusi kwenye vikombe vitatu bila sukari wala maziwa. Cha kwanza kichuje baada ya dakika mbili, cha pili baada ya tano, cha tatu baada ya kumi. Viache vipoe, kisha vinywe kwa mpangilio huo, ukiupitisha ulimi juu ya fizi. Cha kwanza kinateleza. Cha pili kinaanza kushika. Cha tatu kinakukausha mdomo hadi midomo inagandana na meno. Hiyo ni tanini, na sasa ukisoma kwamba zabibu nyekundu ya Italia iitwayo Nebbiolo ina tanini nyingi, mdomo wako unajua kinachosemwa. Rudia kwa asidi ukitumia maji na matone ya limau.

Kwa harufu, kuna gurudumu lililobuniwa na Ann Noble wa Davis katika miaka ya 1980: duara la ndani lina maneno ya jumla, kama tunda au kiungo, na kadiri unavyotoka nje maneno yanakuwa mahususi. Lichukue jikoni. Fungua mikebe ya viungo umefumba macho, utaje kila kimoja. Wengi hushangaa kwamba pua inajua lakini jina haliji. Kumbukumbu ya majina ya harufu ndiyo inayofunzwa. Pua unayo tayari.

Nimesoma kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Ni kweli?

Kwa afya usisikilize watu wa mvinyo, mimi nikiwemo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya kileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 WHO ilitamka kwamba hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya. Hivyo ndivyo vyanzo vya swali hili, pamoja na daktari wako. Kitabu cha mvinyo kinachoahidi afya nakitilia shaka hata kwenye sura zake nyingine.

Lazima nijue Kiingereza au Kifaransa?

Vyanzo vingi viko katika lugha hizo, huo ndio ukweli. Programu za kutafsiri zinasaidia, lakini zina mitego. Neno «mkavu» ni mfano. Kwenye mvinyo maana yake ni kwamba sukari karibu yote imechachuka ikaisha. Msomaji anadhani ni ule ukavu wa mdomoni, ambao ni tanini. Mvinyo unaweza kuwa mtamu na ukakukausha mdomo vilevile. Kwenye Champagne mtego ni mkubwa zaidi: chupa iliyoandikwa «extra dry» ina sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita, wakati «brut» iko chini ya 12. Inayojiita kavu mno ndiyo tamu zaidi.

Ninachofanya ni kuacha istilahi ngeni kama ilivyo daftarini, na pembeni yake kuandika kwa Kiswahili inafanya nini mdomoni. Tafsiri ya neno moja kwa neno moja huniponyoka, maelezo hayaniponyoki.

Naweza kuiuliza akili bandia?

Ikueleze dhana, ikutungie ratiba ya kusoma, ikuulize maswali ya mtihani: sawa. Usiiamini kwa mwaka wa mavuno, sheria ya eneo au jina la mzalishaji mpaka uone penginepo. Inakosea kwa sauti ileile inayotumia ikipatia.

Vyanzo viwili vinavyoheshimika vinapingana. Nimfuate nani?

Tazama kwanza kama wanajibu swali moja. Chukua habari ya mvinyo kuwa na ladha ya mawe. Waonjaji wazuri wengi huandika kwamba Chablis, mvinyo mweupe wa Ufaransa, ina ladha ya mwamba wa chokaa ulioko chini ya mizabibu. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, ameandika mara nyingi kwamba mawe hayana ladha, na kwamba madini ambayo mzizi hunyonya yanafika kwenye glasi kwa kiasi kidogo mno kiasi cha kutoonjeka. Mwonjaji anaeleza alichokihisi. Mwanajiolojia anaeleza kisichoweza kuwa sababu yake. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Swali linalobaki ni kwamba hisia ile inatoka wapi, na waliolishughulikia wanataja asidi, misombo ya salfa na upungufu wa harufu ya matunda.

Nikikutana na hali hiyo naligawa ukurasa wa daftari kwa mstari katikati. Kushoto wanachosema waonjaji, kulia wanachosema watafiti, kila sentensi na tarehe yake. Kisha namimina glasi ya Chablis na kuandika chini ya mstari nilichokipata mimi.